Nyoka Wako Hataki Maziwa

"Daktari, shikamoo. Chatu wangu huu mwezi wa pili hajala. Nimpe maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi?"

Swali hili nimeulizwa kwa simu, kwa WhatsApp, mlangoni pa kliniki, na hata harusini nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Hubadilika nguo tu. Yupo anayetaka kujua kiasi, yupo anayeuliza kama yachemshwe kwanza, na yupo yule aliyekwisha kumnywesha na sasa anataka kujua mbona nyoka anatoa povu puani. Jibu kwa wote ni moja: usimpe. Si ya ng'ombe, si ya mbuzi, si ya ngamia, si ya kopo, wala si yale yaliyokorogwa na yai bichi na asali "ili apate nguvu".

Wanaoniuliza si wajinga. Ni wahudumu wa mabanda ya nyoka ya maonyesho, vijana wa Nairobi na Arusha waliotafuta vibali wakafuga boa wa mchangani, na Waswahili wa Toronto na Birmingham ambao watoto wao wamenunuliwa dukani, kihalali kabisa, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati. Mtoto anamwambia mama yake kwamba nyoka hali. Mama anampigia bibi Tanga. Bibi anasema nyoka ni maziwa, mwanangu, hilo nalo la kuuliza? Na bibi akishasema, daktari ni nani?

Basi leo tumkabili bibi, kwa adabu zote.

Imani yenyewe ina asili yake, na wala siicheki. Kwa Wanandi na Wamaasai wa zamani, nyoka wa aina fulani akiingia nyumbani hakupigwa rungu. Alimwagiwa maziwa, kwa kuwa huenda ni mtu wa ukoo aliyekufa na sasa amerudi kuwatazama watu wake. Hayo yalikuwa makaribisho ya mzimu, na hakuna aliyeinama kupima kama maziwa yamepungua. Kutoka ng'ambo ya bahari tukaletewa nyongeza. Kwanza ni habari za sikukuu ya Nagpanchami huko India, ambako swila huwekewa maziwa na waumini. Kisha zikaja sinema za Bombay zilizojaza majumba yetu, Nagina ya mwaka 1986 ikiwa mojawapo, Sridevi akiwa nyoka aliyejigeuza mke wa mtu. Kizazi kizima kilitoka humo kikiamini kwamba nyoka hulipiza kisasi, hucheza zumari na hunywa maziwa. Zumari yenyewe huifuata kwa macho, maana hata tundu la sikio hana.

Ambacho sinema hazikuonyesha ni matayarisho. Swila wa Nagpanchami hunyimwa maji siku nyingi kabla ya sikukuu, na mara nyingi amekwisha kung'olewa meno ya sumu. Siku ikifika yuko hoi kwa kiu, na bakuli lililo mbele yake ndilo majimaji ya kwanza kuyaona. Anakunywa. Watu wanashangilia. Wengi hufa baadaye, mapafu na utumbo vikiwa vimeharibika. India imekuwa na sheria ya kuwalinda wanyamapori tangu mwaka 1972, na wapenzi wa wanyama huko hupiga kelele kila msimu kuhusu jambo hili hili.

Kwa hiyo wale wanaoniambia "lakini nimemwona kwa macho yangu", bila shaka mmemwona. Nyoka mwenye kiu kali hunywa chochote cha majimaji. Harambi, kwa sababu ulimi wake ni wa kunusia, hauna kazi ya kuteka maji. Hutumbukiza ncha ya mdomo, akapanua na kubana mataya kidogo kidogo, na mikunjo midogo ya ngozi ndani ya taya la chini ikafyonza maji na kuyasogeza nyuma. Mchezo huo haujali kama kilichomo bakulini ni maji, maziwa au mchuzi. Nyoka aliyekunywa maziwa amekwambia jambo moja tu: hukumwekea maji.

Lipo tawi la pili la imani hii, la wafugaji wa ng'ombe, kwamba chatu huingia zizini usiku akanyonya. Chatu ana safu sita za meno, nne juu na mbili chini, na yote yamepinda kuelekea kooni, kazi yake kuhakikisha kilichoingia hakirudi. Midomo yake ni magamba makavu, haina nyama ya kubana chuchu wala mashavu ya kuvutia hewa. Mnaniambia ng'ombe anayempiga teke mkamuaji kwa sababu ya kucha ndefu atasimama kimya usiku kucha huku ameng'atwa na meno hayo? Ukikuta asubuhi kiwele kimevimba na chuchu ina kidonda, tafuta ugonjwa wa kiwele. Ukikuta kiwele kitupu, tafuta ndama aliyejifungua kamba, au umuulize mchungaji chai yake aliitia nini. Nyoka wa zizini amefuata panya, na panya amefuata pumba.

Sasa twende mdomoni, maana huko ndiko nyoka anakouawa. Mdomo wa chatu mzima wa afya, ukifunguliwa taratibu kwa kadi laini ya plastiki, ndani una rangi ya waridi iliyofifia na mate machache mepesi. Pale sakafuni, mbele kabisa, nyuma tu ya ala ya ulimi, kuna kitundu kinachofunguka na kufumba. Tulia kidogo utaona kikifunguka, pumzi ikatoka, kikafumba. Huo ndio mlango wa koo la hewa. Kwa binadamu mlango huo umefichwa chini kooni na una kifuniko chake. Kwa nyoka uko mbele na haujafichwa, kwa sababu yeye humeza panya mzima na sharti aendelee kupumua huku mdomo umejaa. Wakati wa kumeza anaweza hata kuusukuma utokeze pembeni ya windo.

Haya, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maziwa, litie katikati ya mdomo huo, ukandamize. Yataelekea wapi?

Na yakishaingia hayatoki. Mimi na wewe tukipaliwa tunakohoa, tukisaidiwa na kiwambo kilicho chini ya mapafu. Nyoka hana kiwambo, hivyo hana kikohozi cha maana. Nyoka wengi hutegemea pafu moja tu, la kulia. Chatu na boa wana mawili, lakini la kushoto ni dogo. Pafu lenyewe ni refu, na sehemu yake ya nyuma ni mfuko mtupu wa hewa wenye mishipa michache sana ya damu, kwa hiyo hata askari wa mwili hawafiki huko kwa urahisi. Maziwa yenye sukari na mafuta yakituama humo, kwenye joto, bakteria hufanya harusi.

Nimempasua mezani chatu wa namna hiyo, wa mita moja na ushei, misuli yake imejaa vizuri, hakukonda hata kidogo. Pafu lilipofunguka lilitoa harufu ya maziwa yaliyovunda. Ndani mlikuwa na mabonge meupe yaliyoshikamana na ukuta, na chini ya mabonge hayo usaha. Usaha wa nyoka haumiminiki kama wetu. Ni mgumu kama jibini, na dawa haiupenyi, ndiyo maana mara nyingi inabidi kuukwangua kwa mkono, na ndani ya pafu la nyoka aliye hai hakuna pa kukwangulia. Nikatazama macho: yalikuwa na ukungu wa buluu. Ngozi imefifia. Nyoka huyu hakuwa mgonjwa alipoanza kunyweshwa. Alikuwa anakaribia kujivua gamba, na nyoka anayekaribia kujivua gamba hali. Angeachwa siku kumi angejivua na kula.

Tuseme basi una mkono mwepesi, maziwa yakapita salama hadi tumboni. Umefanikiwa nini? Utumbo wa chatu asiyekula haukai tayari ukingojea. Hunywea na kulala. Akishameza windo la kweli, utumbo hukua upya kwa siku chache, na hata moyo huongezeka: kwa chatu wa Burma watafiti walipima ongezeko la karibu asilimia 40 la misuli ya moyo ndani ya siku mbili baada ya mlo. Mwili mzima hujipanga kwa ajili ya nyama, mifupa na manyoya. Kikombe cha maziwa si mlo wa kuuamsha mtambo huo. Na mtoto wa nyoka hajawahi kunyonya tangu dunia iumbwe, hivyo utumbo wake haukutengenezwa kushughulikia sukari ya maziwa. Sukari hiyo huchachuka, nyoka huhara, na kuhara humtoa maji yale yale uliyodhani unamwongezea.

"Lakini wa jirani alipewa, akaanza kula." Ndiyo. Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anaweza kufunga miezi kadhaa kisha siku moja akaamua kula, na siku hiyo atakuta umempa maziwa, au umemsomea dua, au umemhamishia chumba kingine. Kila mtu atalisifu lake.

Na kwa kuwa tumo humo: maziwa hayazimui sumu ya nyoka kwa binadamu pia, wala lile jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha halinyonyi kitu. Aliyeumwa na swila au kifutu anakimbizwa hospitali, kiungo kimetulizwa kisichezechezwe. Makala haya hayawahusu wafugaji wa nyoka wenye sumu, ambao wanahitaji mafunzo na si gazeti.

Swali ambalo natamani kuulizwa ni jingine kabisa: nyoka wangu anakaa kwenye joto gani? Hakuna anayeniuliza. Nikiuliza mimi napewa jibu la kawaida, "Joto lipo la kutosha, Daktari, nikitia mkono naona." Mkono si kipimajoto. Mkono uliotoka kwenye mfuko wa koti ukaingia kwenye sanduku la kioo utakuambia unachotaka kusikia.

Nyoka hajitengenezei joto. Analiazima, na kila kinachofanyika ndani yake, kuanzia kumeng'enya hadi kupigana na vijidudu, kinakwenda kwa kasi ya joto aliloazima. Chatu yule mdogo wa Afrika Magharibi anataka upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa pili nyuzi 24 hadi 27, ili ajichagulie mwenyewe. Mombasa na Dar es Salaam unaweza karibu kusahau habari hiyo. Nairobi mwezi Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi 11 au 12, huwezi. Nyoka aliyelala kwenye nyuzi 20 akikataa panya ana akili kukuzidi, kwa sababu akimla, panya humwozea tumboni, na baada ya siku mbili tatu hutoka alivyoingia, ananuka nyumba nzima. Kijana mmoja wa Limuru alinieleza mambo yote ya nyoka wake, jina, umri, hata tabia, isipokuwa kwamba kila usiku huzima taa ya joto ili kuokoa tokeni za umeme. Alitaka nimwandikie vitamini. Nilimwandikia kipimajoto chenye waya, cha kuweka ncha pale nyoka anapolala, na swichi ya kudhibiti joto. Nyoka akala kabla mwezi haujaisha.

Baridi pia ndiyo mama wa nimonia. Wafugaji wengi huja na nyoka mwenye mafua wakitaka dawa, kisha wanamrudisha kwenye sanduku lile lile. Dawa haifanyi kazi ndani ya nyoka baridi. Hilo ningependa liandikwe ukutani.

Ukishapima joto na ukakuta liko sawa, fikiria mengine. Macho yana ukungu? Anataka kujivua, mwache. Ni dume aliyekomaa na ni msimu wa kupandana? Hana habari na chakula. Ni jike mwenye mayai tumboni? Vivyo hivyo. Amefika juzi? Mpe wiki mbili bila kumshika. Hana mahali pa kujificha? Weka mapango mawili, moja kila upande, yenye kumbana ubavuni, kwani nyoka hajisikii salama hadi aguswe na kuta. Anapigwa picha kila mgeni akija? Jibu unalo. Ulimtilia panya hai akamng'ata? Basi nyoka anamwogopa panya, na ana haki. Mpe panya aliyekwisha kufa, aliyetolewa barafuni akapashwa moto, usimpe anayekimbia. Nimeshona migongo ya nyoka iliyotafunwa hadi mbavu zikaonekana, na mwenye nyoka alikuwa amekwenda kulala.

Kisha mpime uzito. Mzani wa jikoni unatosha, nyoka ndani ya bakuli lenye kifuniko, uandike kila wiki. Chatu mkubwa aliyefunga miezi miwili na uzito wake haujatikisika hanihusu. Aliyepoteza asilimia 10 ya uzito wake ananihusu, na mtoto aliyeanguliwa mwaka huu ananihusu mapema zaidi, maana hana akiba.

Sasa dalili ambazo hazingoji. Mapovu puani au mdomoni, sauti ya kukwaruza anapovuta pumzi, mdomo wazi, kichwa kimenyanyuliwa ukutani ili apate hewa: hiyo ni njia ya hewa, njoo wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Ufizi mwekundu, madoa ya damu, mabonge ya njano kwenye meno: mdomo unaoza. Ngozi yenye mikunjo isiyonyooka na macho yaliyobonyea: hana maji. Nukta nyeusi zinazotembea chini ya kidevu na pembeni ya macho, au zilizozama kwenye bakuli la maji ambamo nyoka analala mchana kutwa: utitiri. Kutapika mara kwa mara pamoja na uvimbe katikati ya mwili: kuna kimelea kinachonenepesha ukuta wa tumbo, na habari zake si nzuri. Nyama nyekundu imetokeza kwenye tundu la haja: ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya sukari, uondoke sasa hivi. Nyoka anayepinda shingo kutazama juu, akigeuzwa chali hajui kujigeuza: hapo ni ubongo au mishipa ya fahamu. Kwa boa na chatu mojawapo ya sababu ni ugonjwa wa virusi ambavyo vilitambuliwa mwaka 2012, hauna tiba, na unataka kila nyoka mwingine nyumbani atengwe.

Ngozi ya tumbo iliyoiva na kuwa nyekundu ni moto. Nyoka anaweza kulala juu ya pedi ya joto isiyo na swichi ya kuidhibiti hadi akaungua, bila kujiondoa. Wanaomkumbuka Omieri, yule chatu wa Nyakach aliyeungua katika moto wa nyasi mwaka 1987, akapelekwa Nairobi kutibiwa na akafia huko, wanajua kidonda cha moto cha nyoka si cha kupaka dawa ya meno. Ngozi ndiyo inayozuia maji yasitoke mwilini na vijidudu visiingie. Ikiondoka, vyote viwili vinakwenda kinyume.

Gamba lililokwama ni jambo dogo likiwahiwa. Mweke kwenye ndoo yenye kifuniko chenye matundu, taulo lililolowa maji vuguvugu na kukamuliwa, nusu saa hadi saa moja, kisha mwache apite mwenyewe kati ya mikunjo ya taulo. Usivute. Hasa usivute kilichobaki juu ya jicho, kwa sababu usipojua unachokifanya utang'oa kioo cha jicho lenyewe. Kilichobaki kwenye ncha ya mkia kikiachwa mara tatu, nne, hubana damu na ncha hukauka ikaanguka.

Dawa za dukani. Josho la ng'ombe kwa utitiri, hapana: ngozi na pumzi ya nyoka havihimili. Mafuta ya taa na oili chafu, hapana, na nashangaa kwamba naandika sentensi hii. Sindano ya ng'ombe ya ivamektini, usijidunge ushujaa. Ile ya kawaida, mililita 1 ni ya kilo 50 za mwili, na nyoka wako ana nusu kilo, yaani unatakiwa kupima sehemu moja ya mia ya mililita kwa bomba la kuchanjia ndama. Na kama nyumbani mna kobe, jueni dawa hiyo humuua kobe. Unga wa tetrasaiklini wa kuku kwenye maji ya kunywa hautibu kitu, kwa sababu nyoka anaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa. Kuna antibayotiki tunayomdunga nyoka mara moja tu kila saa 72, kwenye nusu ya mbele ya mwili, kwa sababu mwili wake huitoa polepole na damu ya nyuma hupitia kwenye figo kwanza. Muuza duka hakujua hilo, na hakukosea. Yeye anauza dawa za ng'ombe. Dawa ya kuchua kifua ya menthol juu ya pua ya nyoka mwenye mafua: tafadhalini.

Nini ufanye? Haraka haraka. Pima joto pande zote mbili, mchana na usiku. Weka maji safi, bakuli zito, ubadilishe kila siku. Acha kumshika. Mpime. Akitapika, usimlishe tena mpaka siku kumi hadi kumi na nne zipite, kisha anza na windo dogo kuliko la kwanza. Mtenge na wenzake, na umhudumie wa mwisho. Piga video akipumua, kwa sababu akifika kwangu atanyamaza. Okota mavi mabichi kwenye mfuko safi, maabara yoyote ya mifugo yenye hadubini inaweza kutafuta mayai ya minyoo, na nyoka waliotoka porini wanayo karibu daima. Andika lini alikula mara ya mwisho, nini, kiasi gani, na lini alijivua. Msafirishe kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa, mfuko ndani ya kasha lenye matundu, na kama kuna baridi weka pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, asiguse moja kwa moja. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, usioshe vyombo vyake kwenye sinki la jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike, kwani nyoka mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela. Daktari wako wa mifugo akisema hajawahi kumtibu nyoka, mshukuru kwa ukweli wake na umwombe ampigie simu aliyewahi. Wahudumu wa mabanda ya nyoka yenye leseni huwa wanawajua madaktari hao.

Limebaki la kibali. Kenya kinatolewa na KWS, shirika la wanyamapori, chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Tanzania ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori, chini ya sheria ya mwaka 2009. Nyoka aliyeokotwa shambani akafungiwa ndoo si wako, awe na sumu au asiwe nayo. Nasema hivi kwa sababu ya kidaktari. Asiye na kibali humficha nyoka, anayemficha huuliza ushauri kwa kunong'ona, na ushauri wa kunong'ona ndio unaozaa maziwa na mafuta ya taa. Kisha nyoka huletwa kliniki usiku, ndani ya gunia, akiwa amepumua kwa mdomo wiki tatu. Wengi wa hao hawaponi, hata dawa iwe nzuri vipi. Tafuteni kibali, nunueni kipimajoto, na mleteni mapema, wakati bado ana nguvu za kunitolea ulimi.